Njia Aijuayo Lyle

Pell Creek, Nebraska
Jumanne, 18 Juni 1996

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla hujaendelea kusoma vuta kiti ukae, maana nakujua, barua huzisoma umesimama palepale mlangoni. Goti linasemaje? Geraldine anakuletea maziwa kama alivyoahidi, au ameanza tena visingizio vyake vya mbwa kuumwa? Na zile nyanya usizifungie vijiti mwenyewe, tafadhali. Ukiinama siku hizi kuinuka ni kazi, na nyumba nzima hakuna wa kukuinua.

Mimi mwilini sijambo. Nakula, nalala, sina homa. Ningekupigia simu, lakini simu huisikii tena, unaitikia "ehe, ehe" kwa kila neno, na haya niliyo nayo si ya kuitikiwa "ehe". Kwa hiyo nimekaa kwenye mkahawa ulio mkabala na kituo cha basi, mchana kweupe, na mhudumu ameniachia birika zima la kahawa baada ya kuniangalia usoni mara moja. Utajiuliza Lyle yuko wapi. Nitafika hapo. Niache nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho utamchukia, na sitaki umchukie.

Wewe wajua ndoa yetu ilivyoanza. Miaka yote ile Lyle alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi wa mabasi ya shule asiye na maneno mengi. Corrie alipotutoka nikawa nampelekea supu kila Jumapili, naye akawa ananirekebishia paa, bomba, gari, hata vile visivyoharibika. Msimu wa vuli uliopita tukaenda kwa hakimu. Kanisani walinong'ona kwamba nimevaa viatu vya marehemu vingali na joto. Niliwasikia, Mama. Sikujali. Nina miaka hamsini na mitatu, na hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza nataka kukaa upande gani wa kitanda. Lyle aliniuliza. Kwa swali hilo tu nilikuwa tayari kusemwa na parokia nzima.

Kwa hiyo aliposema sasa joto limeingia twende fungate yetu, nilifunga sanduku siku hiyohiyo. Nilidhani atanipeleka kwenye yale mabonde makubwa ya Arizona kama watu wengine. Akasema hapana, mambo makubwa yana foleni. Yeye anapenda makumbusho madogo, yale ya watu waliopenda kitu kimoja mpaka majirani wakawaona wana kichaa, wakakijaza ghalani au gereji na kubandika kibao barabarani. Nikacheka, nikamwambia, "Lyle, nipeleke popote, mradi kuna choo."

Kule Illinois tukaanza na makumbusho ya kengele za mlangoni. Mzee mmoja mfupi amezipanga ukutani kutoka sakafuni hadi darini, na huruhusiwi kutoka kabla hujabonyeza zile anazozipenda yeye. Moja inalia kama bata. Lyle aliibonyeza tena na tena, na yule mzee kila mara anakwenda mlangoni kwake kuangalia nani amekuja, kwa mazoea tu, kisha anarudi anajicheka. Tukitoka Lyle akanishika mkono. Pale nje, mbele ya watu waliokuwa wakitia petroli. Nilitaka wewe unione.

Missouri ndiko mambo yalikoanza kugeuka. Huko tuliingia kwenye nyumba ya mama mmoja aitwaye Wilma, anayekusanya wanasesere wa mbao, wale ambao wachekeshaji huwakalisha magotini na kuwasemesha bila kufungua midomo yao wenyewe. Wamekaa vitini kwa safu, kama wanafunzi, wote wanatazama mlango. Tulipoingia tu, Wilma akapiga kelele, "Lyle Stuckey! Wewe mtoro wewe! Nilidhani umeshazikwa!" Akamkumbatia. Kisha akachungulia nyuma yake, akanipita mimi kwa macho kama mtu anayepita kiti, akauliza, "Na yule wako wa nywele nyekundu yuko wapi? Bado garini anapaka rangi ya mdomo? Mwambie aje, wanangu hawajachekeshwa tangu aondoke!"

Lyle alivua kofia. Akamwambia Corrie alifariki, mwaka wa nne sasa. Wilma akaanza kulia, na Lyle naye akalia, wameshikana mabega mbele ya vile vichwa vya mbao vinavyotabasamu. Mimi nimesimama na mkoba wangu. Baadaye yule mama akajifuta uso, akanigeukia kwa upole kabisa: "Samahani, mpenzi. Na wewe ni nani?"

Mama, nilisema, "Mimi mdogo wake Corrie."

Sikusema mke wa Lyle. Pete ilikuwa kidoleni na jibu lilikuwa mdomoni, likanikwama. Naye Wilma akafurahi, akanishika mashavu, "Wewe ndiye Verna! Alikuwa anasema iko siku atakuja na wewe. Kila mwaka anasema, mwakani nakuja na Verna wangu." Hilo ndilo lililonimaliza. Ningeweza kumwonea wivu, angalau nipate nguvu ya wivu, lakini unamwoneaje wivu mtu aliyekuwa akikuhifadhia nafasi kwenye gari?

Tulipokuwa njiani nilimuuliza Lyle. Hakukataa, huwa hajui kukataa. Akaniambia safari yote hii ni ile waliyokuwa wakienda yeye na Corrie kila kiangazi, kituo kwa kituo, wakati sisi nyumbani tukidhani wamekwenda kuwatembelea ndugu zake wa Kansas. Corrie hakutaka kutuambia kwa sababu alikuwa akituona wewe na mimi tumefungwa nyumbani na ugonjwa wa Baba, akaona ni aibu kujisifia raha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla hatujatoka. Akasema, "Ningekwambia usingekuja." Nikamwambia ningekuja. Na ni kweli, ningekuja. Tulipovuka mpaka wa Kansas akasema, macho yakiwa barabarani, "Ndiyo njia pekee ninayoijua, Verna. Sijui namna nyingine ya kutembea na mwanamke."

Siku ile jioni, kwenye mkahawa, alituagizia wote wawili bila kuniuliza. Mimi nikaletewa kahawa nyeusi isiyo na sukari na kipande cha pai ya limau, vya Corrie vyote. Wewe uliyenizaa wajua kwamba limau hunichoma tumbo tangu utotoni, na kahawa nainywa nusu maziwa. Hakugundua. Alikuwa anakula na kunisimulia habari za breki za gari. Nikaila yote, Mama. Sijui kwa nini niliila.

Asubuhi yake nikasema leo nachagua mimi. Tulikuwa tumeona kibao kinachoelekeza kwenye makumbusho ya seng'enge, naam, waya wa miba wa kuzungushia ng'ombe, na Lyle akaapa hajawahi kusimama pale, Corrie alikuwa akisema hata kichaa kina kiasi. Nikamwambia basi hapohapo. Mwenye pale anaitwa Delbert, mkavu kama ukuni, anaongea kwa sauti ya mchungaji kwenye mazishi. Akatupitisha ubao kwa ubao. "Huu," anasema, "una miba miwili. Na huu," anangoja kidogo tupumue, "huu una miba miwili, lakini imepinda." Lyle akauliza kwa adabu, "Imepinda kwenda wapi?" Delbert akamwangalia muda mrefu, akasema, "Bwana, hilo ndilo swali." Mimi nikaanza kukohoa. Lyle akaanza kukohoa. Tulitoka mbio tukajifungia garini, tukacheka mpaka vioo vikaota ukungu, nikawa nimemlalia kifuani, siwezi kupumua, naye akanibusu, si kama anavyonibusu nyumbani kabla ya kuzima taa, alinibusu kama kijana. Nikajiambia, haya basi. Hapa hakuna mtu aliyetutangulia. Hapa ni petu.

Akajifuta machozi kwa mkono wa shati, bado anacheka, akasema, "Loo, Corrie angekufa kwa kicheko."

Hakujisikia akisema. Alitia ufunguo, akawasha gari. Mimi niligeukia dirishani nikahesabu ng'ombe mpaka nikaweza kuongea.

Sasa nakuja kwenye lile linalokuhusu wewe, Mama. Nimefikiria kulificha, lakini umeshafichwa vya kutosha.

Jana asubuhi Lyle alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe na tai. Tai, kwa kwenda makumbusho. Nikamuuliza kuna harusi? Akasema kituo cha leo ndicho cha mwisho. Tukaja hapa Pell Creek, kwenye nyumba ya mbao nyuma ya kanisa la Walutheri, kwa bibi mmoja aitwaye Lavinia, mzee kukupita wewe, mwenye vidole vyembamba kama sindano za kufumia. Ndani kumejaa mashada ya nywele. Zamani, mtu alipofiwa, alichukua nywele za marehemu wake akazisuka zikawa maua na majani, akazitia kwenye fremu ya kioo na kuzitundika sebuleni. Bibi Lavinia amezikusanya za miaka na miaka, na kazi hiyo ya kusuka anaijua bado. Kuna ua la nywele za mtoto, jeupe, dogo kuliko ukucha. Mimi nilisimama pale.

Lyle hakusimama popote. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, kama mtu anayekwenda jikoni kwake. Nilipomfuata nikamkuta ameweka kiganja kwenye kioo cha fremu ndogo. Ndani kuna tawi moja lenye waridi mbili na majani, vyote vya rangi nyekundu ya kutu, na kwenye ncha za majani kuna mvi.

Hakuna jina pale chini, wala sikulihitaji. Nimezichana nywele zile tangu nina miaka sita.

Siku ile Corrie alipokata nywele kabla dawa za saratani hazijazimaliza, wewe uliomba upewe ule msuko. Na Lyle akakwambia uso kwa uso kwamba kule hospitali wameufagia wakautupa. Haukutupwa. Aliuhifadhi, na baada ya mazishi, ile wiki aliyosema amekwenda kuvua samaki, aliuleta hapa. Nilimuuliza aliwezaje kumdanganya mama aliyefiwa. Akaniambia ni Corrie mwenyewe aliyeagiza. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoambiwa, usikasirike: alisema, "Mama atautia kwenye droo aulilie mpaka afe. Nipeleke kule, nikakae na wenzangu ukutani, watu wanaopita wanishangae." Ndivyo alivyokuwa, Mama. Hata kufa alitaka kuwe na hadhira.

Yangeishia hapo ningerudi nyumbani na Lyle leo hii, naapa. Lakini alianza kuongea na Corrie pale kwenye fremu. Hakujali kwamba mimi nimesimama mlangoni, au pengine alitaka nisikie, sijui. Alimwambia paa limetengenezwa. Akamwambia habari za goti lako, na kwamba lile gari bado linatembea ingawa gia ya pili inagoma. Sauti yake, Mama! Tangu tuoane sijawahi kuisikia sauti ile, laini, yenye haraka, kama mtu aliyengoja mwaka mzima apate wa kumweleza. Kisha akasema, "Na Verna nimekuja naye. Kama ulivyoniambia. Yote uliyoniomba nimetimiza, Corrie."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje. Akaja akakaa kando yangu, kofia mapajani. Nikamuuliza kama ni Corrie aliyemwomba anioe. Akaigeuza kofia kwa vidole. Halafu akasema, "Alisema usiachwe peke yako. Alisema, 'Verna hajawahi kupelekwa popote na mtu. Mpeleke wewe.'"

Nikamwambia, "Sikuulizi Corrie alitaka nini. Wewe, Lyle. Wewe ulitaka nini?"

Alitafuta jibu, Mama. Nilimwona akilitafuta, maana si mwongo kwa asili yake, hata ule uongo aliokwambia wewe ulikuwa wa kuazimwa. Akaangalia barabara, akaangalia mikono yake. Akasema, "Mimi nilitaka asife."

Nilimwamini. Hata sasa nikikaa hapa siwezi kumlaumu, kwa sababu na mimi nilitaka hivyohivyo. Tulilia pale ngazini wote wawili, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane tulikuwa tunalilia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akaniambia ananipenda. Nikamwambia najua. Akasema, "Turudi nyumbani, mke wangu, nitajifunza. Kahawa yako nitajifunza." Kumbe aligundua. Kumbe aliona ile pai, akaona aibu, akanyamaza. Nikamwambia, "Hujakosa kitu, Lyle. Umetimiza ulichoombwa. Sasa niache nishuke."

Kwa nini nisikubali, utauliza, na Geraldine atauliza, na wote kanisani. Mwanamume mwema, halewi, hapigi, anatengeneza paa. Wanawake wa umri wangu wanaridhika kwa pungufu ya hapo. Lakini mimi nampenda, Mama, hapo ndipo penye tabu. Kama ningekuwa nimemfuata kwa ajili ya nyumba ningekaa. Nampenda mpaka kule Kansas nilitamani barabara ile isiishe, na siwezi kulala miaka iliyobaki kando ya mtu ninayempenda huku yeye akinitunza kama ua aliloachiwa na jirani aliyesafiri alimwagilie maji.

Leo asubuhi amenileta kituoni. Alibeba sanduku langu akaliweka ndani, akaangalia kama dirisha la chumba cha kungojea linafunga vizuri, akaondoka, akarudi akanipa sweta lake kwa sababu ndani ya mabasi kuna baridi. Akauliza anaweza kuja Jumapili kula supu. Nikamwambia si Jumapili hii. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia zamani nikiwa shemeji. Yeye atabaki hapa siku mbili tatu. Bibi Lavinia amempa kazi ya kurekebisha milango ya kabati.

Basi langu linatoka alasiri, nitabadilisha kule Omaha na tena St. Louis. Alhamisi nitakuwa nimefika, Mungu akipenda. Usitume mtu kunipokea, nitatembea.

Kuhusu zile nywele, Bibi Lavinia aliniuliza kwa faragha kama familia inazitaka. Alisema hakujua kuna mama aliyenyimwa, angejua asingezipokea. Nimemwambia neno la mwisho ni lako. Ukizitaka nitarudi mimi mwenyewe kuzichukua, njia sasa naijua. Ukitaka zibaki ukutani alikotaka yeye, zibaki. Fikiria taratibu, hazina haraka.

Ninaomba jambo moja tu. Nikifika usimtaje Corrie siku ya kwanza. Siku ya pili tutamtaja tukitaka mpaka tuchoke. Nimemkasirikia, Mama, amenigawa kama alivyokuwa akigawa sahani za ziada, kwa mapenzi yote, bila kuniuliza, na hayupo nimgombeze. Na tangu jana jambo ninalolitamani kuliko yote ni kuingia kwenye kile kibanda cha simu nje, nimpigie, nimwambie, "Corrie, hutaamini yaliyonipata." Wewe wajua angejibu nini. Angesema, "Ngoja nivute kiti."

Na kama wewe pia ulikuwa unajua alichomwomba Lyle, usiniambie. Nionee huruma, kaa nalo.

Msalimie Geraldine, mwambie mbwa apone. Wasalimie wenzangu wa kwaya, waambie sauti ya pili inarudi, wasimpe mtu kiti changu. Kanda goti kwa maji ya moto kila asubuhi, na mlango wa nyuma usiufunge kwa komeo siku ya Alhamisi.

Wako akupendaye,
binti yako uliyebaki naye,

Verna